Kipandauso: Namna ya Kukituliza na Kukizuia Kisirudi Mara kwa Mara

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili msomaji alirudie polepole, peke yake au pamoja na wenzake.)

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana kalamu na karatasi yake mbele. Leo tutasoma habari za kichwa. Simaanishi kila kichwa kinachouma. Nasema juu ya kile kinachokuja, kikaenda, kikarudi tena; kikija humpiga mtu upande mmoja kama nyundo, kikamlaza kitandani mchana na hali wenzake wako kazini. Kwa Kiswahili maradhi haya huitwa kipandauso.

Liandike neno hilo. Ki-pa-nda-u-so. Waliolitunga waliona vema, kwani maumivu hupanda usoni, yakakaa kwenye paji, nyuma ya jicho, na pembeni mwa kichwa. Wayunani wa kale nao waliyaita kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu. Lakini usilishike sana jambo la nusu. Wako watu ambao kipandauso huwauma pande zote mbili.

Utakijuaje? Kichwa hugonga kufuata mapigo ya moyo. Ukiinama au ukipanda ngazi, maumivu huzidi. Tumbo huchafuka, na pengine mtu hutapika. Mwanga humchoma macho, na kelele za watoto au za mashine ya kusaga humwumiza, naye hutaka chumba chenye giza na kimya. Asipopata dawa, hali hiyo yaweza kudumu saa 4, au siku nzima, au hata saa 72, yaani siku tatu. Kisha huondoka, na mtu huachwa mchovu kama aliyelima shamba kubwa.

Watu wengine hupewa onyo kabla ya maumivu. Saa chache mbele, au tangu jana yake, hupiga miayo, shingo hukaza, hukasirika bure, au hutamani sana kitu kitamu. Wengine huona mambo machoni: mstari unaomeremeta wenye pembe-pembe kama meno ya msumeno, au shimo katikati ya kitu wanachokitazama. Onyo hili la macho huenea polepole, hukaa dakika 5 mpaka 60, kisha hupotea. Likikupata mara ya kwanza utaogopa sana, na ni haki yako kuogopa. Nenda kwa daktari akutazame.

Sasa, sababu ni nini? Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo ulio mwepesi wa kushtuka. Mara nyingi hurithiwa. Ukiuliza utasikia kwamba mama alikuwa nacho, au shangazi, au babu. Ubongo huo ukishtuliwa, neva kubwa inayoleta hisia za uso na kichwa huamka, na kutoa kemikali zinazofanya utando unaozunguka ubongo na mishipa yake ya damu iume. Watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa huu, kama mtu mmoja katika kila saba. Wanawake huupata mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume, nao huwasumbua zaidi katika miaka yao ya kufanya kazi na kulea.

Nataka tusimame kidogo hapo. Mwenye jeraha mguuni huonekana na kitambaa chake, na watu humpa pole. Mwenye kipandauso haonyeshi kitu. Jana alilala gizani, leo amesimama anatwanga na kucheka. Basi majirani husema jana alijifanya, au ni mvivu, au ana lake jambo. Kuna ndoa zilizoingia ugomvi kwa sababu hii, na wafanya kazi waliokatwa mshahara. Kama wewe unaumwa, ujue kwamba hujifanyi, wala hukurogwa. Na kama wewe huumwi ila mkeo au mumeo anaumwa, kazi yako ni kumfungia dirisha, kuwatoa watoto nje, na kumletea maji.

Tena wengi hukosea jina la ugonjwa. Kichwa kikiuma husema, "Ni malaria," wakanunua dawa ya malaria bila kupimwa. Malaria huleta kichwa, ndiyo, lakini kwa kawaida huja na homa, na kipimo cha tone moja la damu kidoleni huonyesha kama imo au haimo. Wengine husema, "Ni presha." Presha ya juu mara nyingi haiumi kabisa, na ndiyo sababu ni adui wa siri. Pima presha yako, lakini usimeze dawa ya presha ya jirani kwa kuwa kichwa chako kinagonga.

Juu ya kuchanjwa chale pembeni mwa paji, nasema wazi: sikushauri. Wembe uliopita kwa watu wawili waweza kuleta virusi vya UKIMWI au homa ya ini, na wembe mchafu waweza kuleta pepopunda. Kujifunga leso kichwani hakuna hatari, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi huwapa wengi nafuu.

Kabla ya kufika kwenye dawa, lazima mjue kichwa ambacho si cha kungoja nyumbani. Someni sehemu hii mara mbili, na wa pili asome kwa sauti. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa kichwa kimekuja ghafula, kwa nguvu kubwa kuliko vyote ulivyopata kuugua, katika muda wa dakika moja hivi. Nenda ikiwa kuna homa na shingo imekaza. Ikiwa mkono au mguu umelegea, mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki. Ikiwa mtu anachanganyikiwa, ana kifafa, au ameanguka akagonga kichwa. Nenda ikiwa mwanamke ni mjamzito, au amejifungua karibuni, na kichwa kinamwuma sana au macho yanaona ukungu, kwa maana hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Aliyezidi miaka 50 ambaye hakupata kuumwa kichwa cha namna hii, naye aende. Vivyo hivyo mwenye virusi vya UKIMWI au saratani aliyepata kichwa kipya, na yeyote ambaye kichwa chake kinazidi wiki hata wiki bila kupumzika.

Kama hakuna moja katika hayo, na daktari au mganga wa zahanati amekwisha kukuambia ni kipandauso, basi tuingie katika dawa.

Dawa ya kwanza ni ya kawaida, nayo yauzwa kila mahali. Siri yake ni wakati. Kipandauso kikianza, tumbo hupunguza kazi yake, na kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukaa tumboni bila kwenda mbali. Basi usingoje mpaka uwe hoi. Maumivu yakianza, na ukayatambua kuwa ndiyo yenyewe, meza mapema, kunywa maji, kisha lala penye giza ukiweza. Kwa mtu mzima, dawa iitwayo ibuprofen, miligramu 400 baada ya kula kidogo, huwafaa wengi. Aspirini vidonge vitatu vya miligramu 300, vilivyoyeyushwa katika maji, hufaa pia. Paracetamol ni vidonge viwili vya miligramu 500; ni laini kwa tumbo, lakini kwa kipandauso kikali nguvu yake ni ndogo kidogo.

Tafadhali ushike mipaka. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mwenye pumu ambayo huamshwa na dawa hizi, asitumie aspirini wala ibuprofen. Mwanamke mjamzito asizitumie ila kwa amri ya daktari. Yeye paracetamol ndiyo inayomfaa kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Paracetamol isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mchana na usiku, na mtu mwenye ugonjwa wa ini au aliyekonda sana apungukiwe. Amwulize daktari kiasi chake. Kama kutapika ndiko kunakokushinda, daktari anayo dawa ya kutuliza tumbo inayosaidia kidonge kingine kifanye kazi. Tena tangu mwaka 1991 kuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso hasa, iitwayo sumatriptan. Ni nzuri, ila si kila duka linayo, wala haimfai mwenye ugonjwa wa moyo au aliyepata kiharusi.

Sasa chukua paketi ya dawa yoyote iliyo nyumbani kwako. Kama hunayo, tazama ya jirani. Juu kuna jina kubwa lenye rangi; hilo ni jina la biashara. Acha hilo. Tafuta herufi ndogo chini yake au nyuma. Hapo ndipo panapoandikwa dawa yenyewe na uzito wake, kwa mfano Paracetamol 500 mg. Herufi mg maana yake ni miligramu. Ukisoma hivyo utagundua jambo: paketi mbili zenye majina mawili na rangi mbili zaweza kuwa na paracetamol ile ile. Mtu asiyesoma humeza vidonge viwili vya hii na viwili vya ile, akidhani amechanganya dawa mbili, kumbe amemeza kipimo maradufu, na ini ndilo litakalolipa. Utaona pia vidonge vyenye dawa mbili au tatu ndani yake, pamoja na kafeni, ile iliyomo katika kahawa. Hivyo uvitie alama, kwani tutavirudia sasa hivi.

Maana hapa ndipo palipo na mtego ambao umewanasa watu wengi kuliko wanavyojua. Mtu ana kipandauso mara tatu kwa mwezi. Anameza kidonge, anapona. Mwezi mwingine kinamjia mara sita. Anaanza kuogopa, basi anameza hata kabla hakijaja, ili kisije. Baada ya miezi michache anaamka kila asubuhi na kichwa, anameza, kinapoa, na jioni kimerudi. Anasema ugonjwa umezidi. Kweli umezidi, lakini kilichouzidisha ni kidonge chenyewe. Ubongo umezoea dawa, na dawa ikiisha ndani ya damu, kichwa huuma kwa kuidai. Anayemeza dawa za kawaida siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yumo katika hatari hiyo. Kwa vile vidonge vyenye dawa nyingi pamoja, kwa sumatriptan, na kwa dawa kali kama kodeini na tramadol, siku 10 kwa mwezi zinatosha kumnasa mtu.

Kwa hiyo, kanuni rahisi ya kukumbuka ni hii: dawa ya kutuliza isizidi siku mbili katika wiki.

Aliyekwisha nasa atoke vipi? Aache. Kwa dawa za kawaida, yaani paracetamol, aspirini na ibuprofen, mtu mzima aweza kuziacha mara moja. Sitakudanganya: siku za kwanza ni mbaya. Kichwa kitauma zaidi kwa siku kadhaa, pengine mpaka wiki mbili, na utaona kana kwamba nilikutuma kwenye shimo. Uchague majuma ambayo kazi si nyingi, uwaambie watu wa nyumbani, na kama daktari yupo karibu, umwone kwanza akupe dawa ya kukinga. Baada ya hapo, kwa wengi, kichwa cha kila siku huanza kupungua, na katika miezi miwili hivi kipandauso hurudi kuwa kile cha zamani cha mara chache. Lakini anayemeza tramadol, kodeini, au dawa za usingizi asiache kwa ghafula peke yake. Huyo apunguziwe na daktari.

Tuje kwenye kuzuia. Ubongo wa mwenye kipandauso hupenda mambo ya saa ile ile. Haupendi njaa. Haupendi kulala kidogo, wala, ajabu, kulala kupita kiasi. Ndiyo maana wengine huumwa siku ya mapumziko waliyojilaza mpaka saa 4 asubuhi. Amka saa moja ileile siku zote. Usiende shambani au sokoni na tumbo tupu; hata kiazi kimoja na kikombe cha uji ni ulinzi. Chukua maji, hasa wakati wa joto. Mwanga mkali wa jua juu ya bati au mchanga, harufu ya rangi, ya petroli au marashi makali, pombe, hasira na wasiwasi, hayo yote huweza kuamsha maumivu kwa watu wengine. Kutembea kwa haraka au mazoezi mengine ya mwili mara kadhaa kwa wiki husaidia, ila anza polepole.

Chai na kahawa zina habari yake. Anayekunywa vikombe vingi kila siku, akikosa, kichwa humwuma. Jambo hili huonekana wazi katika siku za kwanza za Ramadhani, wakati njaa, kiu, usingizi uliokatika na kukosa chai hukutana katika mtu mmoja. Anayejijua aanze kupunguza vikombe wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama. Usiku anywe maji ya kutosha, na asiache daku. Na kipandauso kikimshika kwa nguvu, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Kwa wanawake, kichwa huweza kuja pamoja na hedhi, kwa sababu homoni iitwayo estrojeni hushuka siku hizo. Si aibu kulitaja jambo hili mbele ya daktari, kwani humsaidia kupanga dawa. Na hili ni la lazima: mwanamke anayeona mistari ya kumeremeta kabla ya kichwa asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka, na zaidi kama anavuta sigara. Ziko njia nyingine zisizo na estrojeni. Mwambie mhudumu wa kliniki, naye atakuchagulia.

Ikiwa kipandauso kinakuangusha siku 4 au zaidi kwa mwezi, uliza dawa ya kukinga. Hii humezwa kila siku, uwe unaumwa au huumwi. Moja ni propranolol. Ilitengenezwa kwa ajili ya moyo, na mwaka 1966 madaktari wakaandika kwamba mgonjwa wa moyo aliyeitumia alipata nafuu ya kipandauso. Ni ya bei nafuu, lakini mwenye pumu asiiguse, na aliyeizoea asiiache ghafula. Nyingine ni amitriptyline, kidonge kidogo cha usiku. Ukisikia dukani kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili, usishtuke. Kwa kipandauso kipimo chake ni kidogo, na mara nyingi huleta usingizi na ukavu wa mdomo tu. Dawa ya valproate, na topiramate pia, huweza kudhuru mtoto tumboni, basi mwanamke anayeweza kushika mimba aulize vizuri kabla ya kuzipokea. Tangu mwaka 2018 zimetoka sindano mpya za mwezi kwa mwezi zinazozuia kemikali moja ya ile neva niliyoitaja. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wengi wetu.

Dawa ya kukinga haifanyi kazi kesho. Ipe wiki 6 mpaka 8. Watu wengi huitupa baada ya siku kumi wakisema ni bure. Wala haitoi kipandauso chote; ikikipunguza kutoka siku 8 mpaka 4 kwa mwezi, imefanya kazi nzuri.

Na utajuaje kwamba zimekuwa 4? Hapo ndipo kalamu yako inapoingia. Chora mistari ya kalenda ya mwezi mmoja kwenye karatasi, tarehe 1 mpaka 31. Siku unayoumwa, tia X. Siku unayomeza dawa ya kutuliza, tia duara. Pembeni andika maneno machache. Kwa mfano:

Tarehe 4. X, duara. Saa 8 mchana mpaka usiku. Kushoto. Nilitapika. Sikula asubuhi. Paracetamol 2.

Tarehe 11. X. Saa 2 asubuhi. Hedhi imeanza. Sikwenda kazini.

Mwisho wa mwezi hesabu alama za X, kisha hesabu maduara. Usikate maneno kwa siku moja. Kitu kimoja kikitokea kabla ya kichwa mara tatu au nne, ndipo ukishuku. Na hata hapo uangalie. Yule aliyetamani kitu kitamu akakila, kisha akaumwa, aweza kulaumu utamu, kumbe ile tamaa ndiyo ilikuwa onyo la kichwa kilichokwisha anza.

Karatasi hiyo uipeleke kwa daktari. Ana dakika chache na watu wengi mlangoni, na ukisema tu, "Kichwa kinaniuma sana," atakupa vidonge vile vile. Ukimpa karatasi yenye X tisa na maduara kumi na saba, ataona kwa mtazamo mmoja kwamba maduara yamezidi, na mazungumzo yataanzia mahali pengine. Mwambie pia kama una pumu, vidonda vya tumbo, mimba, au kama unanyonyesha, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba.

Kazi ya wiki hii: kila mwanafunzi achore kalenda moja. Asiyeumwa amchoree mtu wa nyumbani anayeumwa, au mzee asiyejua kuandika, na amwulize kila jioni. Kisha soma paketi tatu za dawa, uandike jina la dawa iliyomo na idadi ya miligramu. Mwalimu wa darasa atazikusanya karatasi siku ya Ijumaa. Kwa herini.